Mguu wa Daktari Pole

Nianze kwa kukiri, kabla hamjaambiwa na jirani zangu wenye midomo: chupa mbili za matone ya Daktari Pole ziko kabatini kwangu mpaka leo. Nilikuwa na sikio linalovuma kama nyuki kwenye kopo. Chupa ya kwanza niliinunua kwa ujinga. Ya pili niliinunua kwa aibu ya kukubali ujinga wa ile ya kwanza. Ndani ni chai ya rangi, tena haina sukari. Basi mkiona namsimulia huyu bwana kama vile nilikuwa mfukoni mwake, jueni alikuja kunieleza mwenyewe, na haki ya kusikia nilikwishailipia.

Daktari Pole hakuwa daktari, ila "pole" alikuwa nayo ya kugawa mtaa mzima. Kila asubuhi aliketi kwenye benchi la hospitali akijifanya mgonjwa, masikio yamemsimama kama ya sungura. Hakuwataka wenye mafua wala waliovunjika mkono. Hao hupona, na anayepona ni mteja aliyepotea. Aliwawinda waliozungushwa, wale ambao ugonjwa wao hauna jina.

Asubuhi hiyo alikuwa amechomoa mguu wa kulia kwenye kiatu, maana kilimbana, na alikuwa anafuta jasho, kwa mkono wenye pete ya dhahabu iliyozama nyamani, ingawa feni ilimwelekea yeye. Mama mmoja aliyekaa jirani, mwenye begi kubwa la turubai, akawa anamlalamikia mwenzake:

"Nimechoka, dada yangu. Viatu vinanikataa, pete inabana, jasho halikauki, kichwa kila siku, na nikilala nakoroma mpaka majirani wanagonga ukuta. Daktari wa kwanza kasema ni mawazo. Wa pili kasema ni umri. Wa tatu kaniambia nipunguze chumvi! Atakayenipa jina la ugonjwa huu, bangili hii ni yake."

Akainua mkono. Dhahabu ikamwambia Daktari Pole habari ya asubuhi.

"Pole sana, mama," alisema, akisogea. "Pole mara mbili. Hapa utazeekea kwenye foleni. Yuko bingwa wa homoni, ghorofa ya pili, juu ya duka la madaftari. Namfahamu vizuri."

"Vizuri kiasi gani?"

"Tunalala chumba kimoja."

Mama akamtazama, akautazama na ule mguu uliokuwa nje ya kiatu. "Nitakuja saa nne," alisema.

Saa nne alimkuta "bingwa" kavaa koti jeupe na miwani.

"Kumbe ni wewe!"

"Bingwa hajitangazi, mama. Unaitwa nani?"

"Mama Soli. Nashona viatu."

Chumba kilikuwa na meza, pazia la kijani, rafu yenye chupa hamsini za matone, na mashine. Ile mashine ilikuwa stabilaiza ya friji iliyopakwa rangi nyeupe. Akamfunga mama waya kidoleni, kisha akabonyeza swichi ya chini ya meza kwa vidole vya mguu. Taa nyekundu ikawaka. Vidole vikamuuma, akaguna.

"Pole," alisema Mama Soli.

"Asante. Yaani, pole wewe!" Akakohoa, akakaa kitaalamu. Katika maisha yake aliwahi kusoma ukurasa mmoja tu wa kitabu cha utabibu, aliofungiwa sabuni dukani, na alikuwa ameukariri mpaka nukta. "Mama, chini ya ubongo kuna kitezi kidogo kama punje ya dengu. Kazi yake ni kutukuza tukiwa watoto. Chako kimevimba. Kinamkuza mtu aliyekwishamaliza kukua. Ndiyo maana viatu vinabana, pete inakwama, meno yanaachana, unakoroma, unatoka jasho."

"Una hakika?"

"Naapa kwa vyeti vyangu."

"Na nikipuuza?"

Hapo ndipo alipozoea kuuza. Akashusha sauti. "Moyo nao unakua, mama. Ukishakua unachoka. Ukichoka... basi tena."

"Maskini!" alisema Mama Soli, na kweli alionekana kumhurumia mtu. "Haya, bangili ni yako."

"Na jozi ya viatu," aliongeza Daktari Pole, maana tamaa haijui kushiba. "Siku hizi viwanda vinatengeneza viatu vidogo mno."

"Siku hizi tu?"

"Kama miaka mitatu hivi."

Mama Soli akatandika karatasi ya kaki sakafuni, akamsimamisha juu yake peku, akauzungushia mguu penseli. Kisha akatoa kwenye begi karatasi nyingine, kuukuu, imekunjwa mara nne. Juu yake palikuwa na mguu na maandishi: *Injinia wa Madaraja. Viatu vya harusi. Hajalipa.*

Daktari Pole akayasoma mara mbili. Kweli, aliwahi kuwa injinia, kwa wiki mbili.

"Sura nasahau," alisema Mama Soli. "Mguu sisahau. Kidole chako cha mwisho kimempanda mwenzake mgongoni. Nilikiona kule kwenye benchi, nikapita nyumbani kuchukua karatasi."

Akaweka mguu wa zamani juu ya mpya. Ulitoshea ndani na nafasi ikabaki pande zote, kama kikombe ndani ya bakuli.

"Joto hilo," alisema Daktari Pole. "Mguu huvimba."

"Joto linavimbisha nyama, mwanangu. Huo ni mfupa. Miaka sita, upana wa kidole kizima! Niliyoyasema kwenye benchi yalikuwa ya kwako. Jasho nililiona, pete niliiona. Kukoroma nilibahatisha."

"Hukubahatisha," alisema Daktari Pole. Akapapasa meno kwa ulimi. Mwanya wa mbele haukuwepo zamani. "Mama, unanidanganya?"

"Mimi? Umejipima mwenyewe, ukaapa kwa vyeti. Mimi nimekushikia karatasi tu." Akanyoosha kidole kwenye rafu. "Dawa si hiyo? Kunywa. Zipo hamsini."

Daktari Pole akazitazama chupa. Mganga hajigangi, hasa akijua nani aliyechemsha chai. Akakaa chini sakafuni, mtu mzima.

Mama Soli akachuchumaa mbele yake. "Sikiliza. Dada yangu alizungushwa miaka saba, na chumvi akapunguza. Karatasi ya mguu ndiyo iliyomwokoa. Walimpasua kupitia puani, na leo ananigombeza kama zamani. Chukua karatasi hizi mbili, ukapime damu." Kisha akatoa koleo, akaikata ile pete kidoleni mwa Daktari Pole, kitu pekee cha kweli alichokuwa nacho, akaitia mfukoni. "Hii ni ya viatu vya harusi. Vipya nitakushonea ukipona, ili nisipime mara mbili."

Damu, ilipopimwa, ilimpa Mama Soli ushindi, na kile kitezi kilishughulikiwa na watu wenye vyeti vya kuonekana. Lakini kwanza ilibidi Daktari Pole apange foleni.

Kesho yake aliingia hospitali na karatasi zake mbili za kaki, bila koti, akichechemea. Benchi lilijaa: mwenye shingo ngumu, chupa nne, mwenye kizunguzungu, chupa sita, na mimi pembeni, na sikio langu. Akatupita mmoja mmoja kwa macho, akatutambua sote.

"Jamani," alisema, "naomba mnisogezee kidogo nikae. Viatu vinaniua."

Sote tulikuwa tunaitazama feni.