Mvuke wa Mabruki Wakati wa Kipindupindu

Jumatatu, 6 Machi 1978
Kipindupindu kimeingia mjini. Ndugu Anselm, bwana afya, kapita mtaani kwetu Kanyenye na balozi wa nyumba kumi. Kanifungia chumba changu cha mvuke na kukanda. Ati wateja sita wasijifunike blanketi moja na kunywea kikombe kimoja. Miaka yote wamenywea, nani alilalamika? Ng'ambo ya barabara, Bi Zamda anayesinga maharusi hakufungiwa. Fitina!

Jumanne, 7 Machi
Nimepata akili. Mteja haruhusiwi kuufuata mvuke? Mvuke utamfuata! Nimejaza chupa ya chai maji ya mkaratusi yanayochemka, nikaendesha baiskeli hadi mtaa wa Cheyo kwa mjane Tekla, mwenye mafua. Nikafungua kifuniko kwa madaha. Kamvuke kamoja, basi. Tekla kauliza kama nimeleta na mkate.

Alhamisi, 9 Machi
Nimemchungulia Bi Zamda. Anapokea mtu mmoja mmoja, mlango wazi, maji yamechemshwa. Na sabuni! Duka la ushirika halina hata kipande. Yeye kapika yake kwa mawese ya Kigoma. Kaniona, kanikaribisha nijifunze. Nimekataa. Mimi fundi!

Jumamosi, 11 Machi
Mbinu kubwa: kukanda bila kugusa. Nimefunga mwiko wa ugali kwenye mpini wa jembe, nikauviringishia khanga ya mke wangu. Mzee Mfaume, aliyepinda mgongo tangu mavuno, kalala kifudifudi sebuleni kwangu; mimi nimesimama mlangoni. Bega, safi. Nikashuka kiunoni. Mwiko ukateleza. Mzee kapiga yowe, katoka mbio na taulo tu, mgongo umenyooka kama nguzo ya simu! Nikashangilia. Barabarani kamvaa Ndugu Anselm, wakaanguka wote.
Bwana afya kajipangusa vumbi, kaniambia, "Mabruki, nilikufungia chumba. Sasa nakufungia na mikono." Leseni kaondoka nayo.

Jumapili, 12 Machi
Sina chumba, sina leseni, mke haniongeleshi. Bi Zamda kaja mwenyewe. Nikamwamkia shikamoo kwa sauti ndogo. Hakunicheka. Kasema ana kazi ya kuchemsha maji, na nikizoea kunawa atanifundisha kusinga. Machozi yakanilenga, nikasingizia moshi. Nimekubali. Nimeapa kutomgusa mtu mpaka anipe ruhusa.
Jioni nimesikia Cheyo kumezuka ugonjwa wa macho mekundu, nyumba hadi nyumba. Kesho alfajiri nakwenda kuwakanda kope.