Shimo la Kiti cha Mbele

Jumatatu Wage, 1 Julai

Nimeharibu viti vya gari la baba mkwe. Kosa si langu, ni la mafenesi.

Mzee Sastrodiharjo yuko Makka, anarudi Jumapili. Siku ya kuondoka alinikabidhi ufunguo wa Fiat yake ya mwaka 1959 mbele ya ukoo mzima. Akasema akirudi na kulikuta gari salama, litakaa kwangu moja kwa moja. La sivyo litakwenda kwa Herjuno, aliyemwoa mdogo wa mke wangu. Herjuno anafanya kazi benki na hupiga pasi hata soksi. Sitaki kusema mengi juu ya mtu huyu.

Sasa Bu Karsinah, anayepika gudeg pale sokoni, alitaka mafenesi machanga kumi na mawili kwa mchuzi wake. Pikipiki yangu hubeba matatu. Gari lilikuwa limekaa bure. Nikapanga manane nyuma na manne kiti cha mbele cha abiria, yakiwa yametoka kukatwa. Utomvu ukatiririka kwenye ngozi, ukaganda. Nikausugua kwa mafuta ya taa. Utomvu ukatoka. Ngozi ikatoka nao.

Siku sita. Zinatosha kwa mtu mwenye akili.

Jumanne Kliwon, 2 Julai

Alfajiri nimelipeleka gari kwa Mbah Ngadimin, fundi wa viti nyuma ya soko la Muntilan. Nyumbani nimepanga ngazi, ndoo na viti vya plastiki chini ya turubai la gari. Ukitazama toka barabarani ni Fiat kabisa, ila mgongo umepinda kidogo.

Ngadimin ana miaka sabini na haharakishwi. Kabla ya kushika kisu aliuliza kama mke wa mwenye gari yu hai, na kama hayupo, alifariki siku gani. Viti alivyokalia marehemu, akasema, havikatwi siku yake. Mama mkwe alifariki Jumanne Kliwon! Kwa sisi Wajava, juma la siku saba na lile la siku tano, lenye Kliwon, hukutana hivyo mara moja tu kila siku thelathini na tano, na siku hiyo imechagua kurudi leo. Nikamjibu Alhamisi Pahing. Ulimi haukukwama hata kidogo.

Akapasua kiti cha nyuma. Alasiri nani anapita na kikapu kitupu cha maua, akitoka makaburini? Mke wangu Wuryani. Akaliona gari la baba yake limetumbuliwa matumbo. Akaniuliza kwa upole, ule upole wake mbaya, kama najua leo ni siku gani ya mama. Ngadimin akasikia. Akaweka kisu chini.

“Wewe bwana,” akaniambia, “umenikatisha kiti cha marehemu siku yake, halafu umesimama hapo unakunywa chai yangu.”

Nikaimaliza ile chai. Kuiacha kungekuwa utovu wa adabu.

Jumatano Legi, 3 Julai

Wuryani amemwomba radhi mzee wa watu. Fundi amekubali kuendelea kwa masharti mawili. Kwanza, tupike sinia la wali, tuwaite majirani wamwombee dua marehemu. Pili, kiti cha mbele atabadilisha ngozi ya juu tu. Tumbo lake halifungui. Nimeitikia yote. Sharti la pili nitalishughulikia baadaye, kimyakimya.

Majirani walikula wali wote. Herjuno naye akaja, akala sahani mbili, kisha akaomba kuliona gari. Nikamwambia nimelipaka nta, halitakiwi kupata hewa. Akauliza nta gani. Ya Kijerumani, nikasema. Akasema gari ni la Kiitaliano. Nikamwambia ndiyo maana inachelewa kukauka.

Hapo ndoo ikaanguka chini ya turubai. Herjuno akanitazama. Nikamwambia ni breki.

Ijumaa Pon, 5 Julai

Gari limerudi! Kiti cha nyuma nimekitazama mpaka chakula kikapoa. Sufi ya zamani Ngadimin aliianika juani siku mbili, akaichapa kwa fimbo mpaka ikafura, akaongeza mpya, akafunika kwa ngozi nyekundu iliyoiva. Mshono umenyooka. Nimekaa juu yake bila sababu yoyote, karibu saa nzima.

Lakini kiti cha mbele ni aibu. Ngozi mpya, shimo la zamani. Upande wa mlangoni pamebonyea kama mtu ameinuka sasa hivi. Nilimwambia Ngadimin kuna shimo. Akasema analijua. Nikasema sponji ipo. Akasema na mlango upo.

Nilimwonyesha Wuryani apate hasira pamoja nami. Akaweka kiganja ndani ya lile shimo, akakiacha hapo. “Hapa ndipo mama alipokuwa anakaa,” akasema. Nikamwambia ndiyo sababu tulijaze. Mwanamke mwenye heshima zake hastahili kukumbukwa kwa uzito. Wuryani akaingia ndani, na leo nimekula peke yangu.

Jumamosi Wage, 6 Julai

Mbinu ya leo ilikuwa safi. Wuryani kwenda sokoni, mimi kufumua mshono wa chini ya kiti, kujaza shimo kwa sufi ya mto wangu, kushona. Nusu saa.

Ngadimin anashona kama mtu mwenye kisasi. Uzi umepita mara mbili na kila fundo lina fundo lake. Shazia ya kwanza ilipinda. Ya pili ilivunjika, kipande kikanichoma kidole gumba. Nikauvuta mto kwa meno nifute damu, mto ukapasuka. Upepo nao, uliokuwa haupo tangu asubuhi, ukakumbuka kazi yake. Ua zima likawa jeupe. Kuku wakawa weupe. Nikapiga chafya kumi na saba.

Wuryani akarudi. Akatazama ua, akatazama kiti, akaona mshono haujafumuka hata uzi mmoja. Akapumua.

“Mas Murdoko,” akasema, “ukikigusa tena kiti cha mama, mimi mwenyewe nitampa Herjuno huo ufunguo.”

Nimeokota sufi mpaka magharibi. Leo nalalia gunia la mchele. Kesho Mzee atakaa karibu na lile shimo, na gari litakwenda kwa mtu wa kupiga pasi soksi. Naogopa. Naandika ukweli, naogopa kweli.

Jumapili Kliwon, 7 Julai

Nimepona! 

Tulimpokea Mzee kwenye uwanja wa mji. Ameshuka basi amekonda, kilemba cheupe, tende mkononi. Kabla hata hajamaliza kusalimia watu, Herjuno, aliyekwisha kuchungulia ndani ya Fiat tulipokuwa tukisubiri, akamkaribia. “Baba, pole na safari. Sipendi kuchongea, lakini Mas Mur amebadilisha viti vyako vyote. Tena cha mbele kakiacha na shimo.”

Mzee akafungua mlango wa abiria. Akainama, akapitisha mkono kwenye ngozi mpya mpaka ukatumbukia mahali pake. Mimi nilikuwa nahesabu njia za kutorokea. Zilikuwa mbili, na moja ilikuwa na basi.

“Miaka thelathini na minane,” akasema, “alikaa hapa akiniambia nipunguze mwendo.” Akafuta macho kwa ncha ya kilemba. “Huko kote nilikoenda nilikuwa na hofu moja tu ya kidunia. Nisije nikarudi nikakuta mtu mwema amekisawazisha.”

Akaniuliza ni nani aliyemzuia fundi. Nikasema mimi. Nikasema nilimsihi sana. Wuryani akakohoa. Akampokea baba yake tende. Mungu ambariki mke huyu.

Mzee akaendesha mwenyewe mpaka nyumbani, polepole, kiti cha pembeni kitupu, mimi na Herjuno tumebanana nyuma na madumu ya zamzam. Aliuliza harufu hii ya mafuta ya taa inatoka wapi. Nikamwambia gundi. Nikalia kidogo. Herjuno akauliza ninalia nini, nikasema ni mabaki ya sufi. Lakini nililia kweli, kwa vile ni uzi wa Ngadimin tu ulionizuia nisimwondolee mzee mke wake mara ya pili.

Gari ni langu. Sharti ni moja. Kiti cha mbele asikae mtu.

Jumatatu Legi, 8 Julai

Nimelala fofofo, ingawa mto ni gunia. Asubuhi Herjuno alipita na pikipiki yake inayong’aa. Nilimpungia mkono nikiwa ndani ya gari, mara nne.

Bu Karsinah ameleta ujumbe. Kuna harusi Jumamosi, anataka mafenesi machanga ishirini. Nimepima. Buti linameza manne, nyuma yanaenea kumi. Yanabaki sita.

Nimelifikiria jambo hili kwa makini, nikiwa mtu aliyekwisha kujifunza. Mzee alisema asikae mtu. Fenesi si mtu, na safari hii nitatandika gazeti.