Theluji Nyeusi ya Mlima Lutunda

Jumanne, tarehe 8 mwezi wa saba 2025. Kasongo.

Nimesema uongo. Mdogo sana. Ulikuwa mdogo wakati unatoka mdomoni.

Shefu wetu, Bwana Ruphin, mkuu wa ushirika wa mchele na karanga, alileta mgeni wa Kindu bironi, ofisini kwetu. Mgeni akauliza sisi makarani wawili tunapenda mchezo gani. Serge akajibu mpira, kama kila mtu. Mimi nikatazama ukutani. Kulikuwa na kalenda ya duka la dawa, yenye picha ya mlima mweupe na mtu mwenye miwani akishuka juu ya mbao mbili. Nikasikia sauti yangu ikisema: ski.

Nilitaka tu kumpita Serge. Kiti cha karani mkuu kiko wazi. Kina mikono, kina mto, kinazunguka. Shefu atamchagua mmoja wetu akikalie. Mwingine atapelekwa kuchunga depo ya Wamaza, ghala letu la upande wa Kabambare, ambako pikipiki yenyewe hufika ikiwa imechoka. Depo ina popo. Inasemekana ina nyoka anayefahamika kwa jina.

Shefu alifurahi kuliko ilivyofaa. Kumbe Padiri Michel, aliyesomea Ulaya milimani, amerudi na jozi kadhaa za ski kuukuu na kufungua kituo juu ya mlima Lutunda, karibu na hiyo hiyo Wamaza. Watu wanateleza juu ya nyasi kavu za kiangazi. Kituo cha maskini, anakiita. Kuteleza asubuhi nzima ni bei ya sahani ya bugali na sombe ya majani ya muhogo.

Shefu amesema Jumapili biro yote itakwenda kuniangalia nikishuka. Baada ya hapo atamtaja karani mkuu.

Serge akanipongeza. Alikuwa anacheka kwa pua.

Jumatano, tarehe 9.

Sikulala. Nimejifunza ski mchana kutwa, chumbani, juu ya mbao mbili za kitanda. Kupiga magoti naweza. Kusimama siwezi.

Nimenunua kabuti kwenye mitumba. Zito, lenye manyoya shingoni. Mtu wa ski lazima aonekane. Nilipolivaa uani, Mama Hawa, mwenye nyumba ninayopanga, aliacha kupepeta mchele. Alinizunguka mara moja, polepole, kama anayenunua mbuzi.

"Célestin, hii kabuti iko ya mama mwenye mimba," akasema. "Angalia hapa mbele. Wameacha nafasi ya mutoto."

Nikamweleza kwamba Ulaya ndivyo zinavyoshonwa, ili hewa ipite. Akauliza kama hewa ya Ulaya inazaliwa baada ya miezi tisa.

Jua kali. Nimevua kabuti. Limebaki na umbo lake lenyewe.

Alhamisi, tarehe 10.

Nimepata njia!

Serge ndiye aliyenipa, bila kujua. Mama yake ni Mubangubangu wa huko huko Wamaza. Alikuwa anasimulia, kwa kujisifu kama kawaida yake, jinsi wajomba zake wanavyowinda ndezi wakati wa kiangazi. Wanachoma nyasi za mlima, wanatega nyavu chini, wanyama wanakimbia moto na kuingia wenyewe. Mwaka huu bado hawajachoma Lutunda. Wanangoja neno la mwenye mlima, mtu anayeitwa Bulaimu.

Nimefikiri hivi: nyasi zikiungua, hakuna nyasi. Bila nyasi, hakuna ski. Na mimi nitasikitika mbele ya shefu, kwa heshima, nikiwa nimevaa kabuti. Nitasema msimu ujao. Atakiona kiti na kuniona mimi.

Nimemwambia shefu nitatangulia kesho kukagua mteremko, kama wafanyavyo wataalamu. Amesema hajawahi kuona karani mwenye moyo kama huu. Serge akauliza kama anisaidie kubeba ski. Nikamwambia ziko huko huko. Akasema, basi nikubebee woga.

Hana adabu.

Ijumaa, tarehe 11. Wamaza.

Barabara! Nilifumba macho kwenye kila daraja. Dereva wa pikipiki akaniomba niache kumkumbatia shingo kwa sababu haoni. Nilipofumbua tulikuwa tumefika na mimi nilikuwa mwekundu kwa vumbi mpaka ndani ya masikio.

Mlima Lutunda si kilima. Kwenye kalenda milima ina heshima, inalala kidogo. Huu umesimama.

Nimemwona Padiri Michel akifanya kazi. Amefunga kanzu kiunoni. Anapaka mawese chini ya ski kwa ufagio, mawese mekundu ya kupikia, halafu anamfunga mtu miguu na kumbariki. Kupanda ni kwa kamba iliyofungwa nyuma ya pikipiki. Mama mmoja, Faida, anauza karanga juu na dawa ya kuchua chini. Dawa inauzika zaidi.

Bulaimu nimempata jioni kwake. Nilitegemea mzee. Ni kijana wa umri wangu, amevaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Nikamweleza kwamba nyama za mlima zinazidi kunenepa bure, na kwamba mtu mwenye akili angechoma kesho. Nikaongeza kwamba nyasi zikiachwa sana moto hutoroka na kula mashamba. Nilisema vizuri. Nilisomea kuandika ripoti.

Akakubali haraka mno. Kumbe alikuwa na hamu ya ndezi tangu mwezi uliopita, ila alikuwa anangoja mtu wa kuomba. Hapa mwenye mlima hachomi kwa njaa yake mwenyewe. Lazima mtu aje kuomba moto.

"Na mwenye kuomba moto, karani, ndiye anatangulia kushuka," akasema. "Mbele ya imbwa, mbele ya watu wote. Yeye ndiye anafungua mawindo. Iko vile tangu kwa babu."

Nikauliza kushuka kwa namna gani. Akasema namna yoyote, mlima haujali. Nikapumua. Kutembea kwa miguu juu ya mlima uliopoa, naweza. Tukapeana mkono. Nikamwomba asitaje jina langu kwa Padiri. Akasema hataji jina la mtu.

Nina furaha ya kweli. Nimelala kwenye depo. Popo wapo. Nyoka sijamtafuta.

Jumamosi, tarehe 12.

Wamechoma. Moto ulipanda Lutunda ukinguruma kama lori tupu. Nilisimama mbali sana na bado nikarudi nyuma. Ndezi wachache walitoka mapema. Wengi wamejificha kwenye mashimo na kati ya mawe, wanangojewa kesho. Mlima wote umekuwa mweusi.

Nikaenda kumpa Padiri pole. Nilikuwa nimetayarisha uso.

Padiri alikuwa amepiga magoti kwenye mteremko, anachota majivu kwa viganja na kuyaacha yamwagike. Nikadhani analia. Akaniinulia uso mweusi wenye meno. Akasema miaka mitatu ametafuta kitu laini kama theluji, amejaribu nyasi, makapi ya mchele, hata maganda ya karanga, na kilikuwa hapa hapa. Akafunga ski na kushuka mbele yangu. Sikumwona tena mpaka alipokuwa mdogo sana, bondeni, akipunga mkono.

Mara mbili ya kasi ya nyasi, amesema aliporudi. Anataka kumjua aliyeomba moto ili amshukuru mbele ya umati.

Nikasema hajulikani.

Jumapili, tarehe 13.

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umefungwa.

Walikuja wote. Waumini baada ya misa, wawindaji na nyavu zao, mbwa wenye njuga shingoni, kwaya. Shefu alikuja na biro nzima. Serge alibeba chupa ya chai. Shefu alimuuliza kama yeye hatajaribu. Serge akajibu, bila aibu yoyote, "Hapana, shefu. Mimi naogopa. Nitachunga chai." Nilimhurumia. Mbele ya mkubwa!

Nilikuwa bado na tumaini. Nilianza kuchechemea tangu asubuhi. Lakini Bulaimu alipanda juu ya jiwe, akavua miwani, akatangaza kwamba mlima hauwezi kufunguliwa mpaka aliyeomba moto ashuke. Hakutaja jina, alitimiza ahadi yake. Alininyooshea kidole.

Padiri alinikumbatia. Kwaya ikaanza kuimba. Shefu akauliza kwa sauti ya kutetemeka kama ni kweli nilimtayarishia mteremko kwa moto. Nikafikiri kusema hapana. Nikasema ndiyo.

Nikaomba kushuka kwa miguu, kufuata desturi. Bulaimu akasema mlima haujali. Shefu akasema yeye anajali. Wakanifunga ski. Padiri aliongeza mawese.

Sikuondoka. Nataka hili lieleweke. Nilikuwa naeleza jambo kuhusu upepo, na mlima ndio ulioondoka chini yangu.

Majivu yaliingia kila mahali. Kabuti lilijaa hewa mbele, pale pa mtoto, nikawa kama mashua. Nikasikia kelele ndefu ya mwanamke na baadaye nikagundua ni yangu. Ndezi wakatoka kwenye mawe, tukakimbia pamoja, baadhi nikawapita. Nikamwona Faida akiinua chupa yake ya dawa, tayari. Kisha wavu.

Wawindaji wanasema haijawahi kutokea. Walitoa ndezi wanne na karani mmoja. Ndezi mmoja alikuwa ndani ya kabuti. Mbwa walinilamba kwa ajili ya mawese.

Mlima ukawa umefunguliwa. Watu walilia kwa furaha. Bulaimu alinipa paja la ndezi, sehemu ya mtu mkubwa.

Kisha shefu akasimama mbele ya wote akanishika bega, lile bovu.

"Célestin, mutoto wangu," akasema. "Mutu wa namna hii, nitamufungia ndani ya biro? Itakuwa zambi. Chukua depo ya Wamaza. Mulima huu ni wako."

Kiti amepewa Serge. Mwoga yule! Alinimiminia chai, akasema kinazunguka vizuri, ameshakijaribu.

Ijumaa, tarehe 18. Wamaza, depo.

Mkono unapona. Popo wamenizoea. Nyoka anaitwa Maurice.

Kila asubuhi watu huja kuuliza bingwa atashuka lini tena. Nawaambia majivu bado hayajatulia.

Leo alipita mkaguzi wa ushirika, Mama Ernestine, mtu mzito, anayesikilizwa na shefu. Akiandika neno moja, narudi Kasongo. Nilimpa kiti. Nilimpikia chai. Akaniangalia vizuri, akauliza kama ni mimi yule wa mlima, na kama nina mchezo mwingine.

Nilitazama ukutani. Hakuna kalenda. Kuna sanduku la samaki wa kopo, lenye picha ya bahari.

Nimemwambia naogelea tangu utotoni, mito mikubwa hasa.

Amefurahi mno. Anatoka Nyangwe. Mwezi ujao wanafanya sherehe ya kuvuka Lualaba kwa kuogelea, na ataniandikisha mwenyewe.

Mto hauchomeki, hilo nimeshalifikiria. Lakini nimesikia huko kuna mwenye mto, kama hapa palivyo na mwenye mlima. Jumatatu nitakwenda kumwona kwa siri, nimwombe atangaze mamba, ili sherehe ifutwe. Na safari hii nitakuwa mwangalifu: desturi zao sitaziuliza kabisa. Kuuliza ndiko kulikoniharibia.