Mtaro Niliouchimba Mara Mbili

Leo nimeaibika. Tena mbele ya baba yangu, jembe mkononi.

Mnajua mimi ni fundi umeme. (Ndiyo, mwanamke. Swali hilo tumeshalizoea.) Baba yangu, askari mstaafu anayeishi mji wa Koboko, bado hajazoea. Amejenga banda la mashine ya kusaga nyuma ya nyumba yake na anataka kuvuta umeme mpaka huko. Kazi alitaka kumpa fundi mmoja wa kiume. Nikamwambia, "Baba, njoo kwanza Arua uone nilivyopeleka umeme kwenye kibanda changu cha vifaranga. Ukiona kasoro, mpe huyo."

Basi leo akaja kwangu mtaa wa Ediofe, hapa Arua. Shati limenyooshwa, viatu vinang'aa, kofia kichwani, fimbo kwapani, utadhani anakuja kukagua gwaride.

Na jamani, kazi ilikuwa safi! Mtaro wa hatua ishirini, umenyooka, kina chake mpaka gotini. Mchanga chini, waya ndani ya bomba, mchanga juu, halafu utepe mwekundu wa kumwonya atakayechimba siku za mbele. Jana nilijaribu, taa ikawaka, ndipo nikafukia na kufagia. Najisifu? Najisifu.

"Baba, washa wewe mwenyewe," nikasema kwa madaha.

Akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena.

"Umeme iko wapi?"

"Iko, Baba. Ngoja kidogo."

"Mimi hapana ona kitu."

Nikachungulia sebuleni kwangu, ambamo mna giza hata mchana. Taa inawaka! Kwa hiyo nyumbani umeme upo, kibandani haupo. Nikajua tu: jana wakati wa kufukia nililitoboa bomba kwa jembe. Nikakaza kitenge kiunoni nikaanza kufukua.

Vijana mashabiki wa timu ya Onduparaka walikuwa wanapita kwenda mpirani. Wakasimama kwenye ua.

"Sister, unatafuta nini? Dhahabu iko?"

"Refa, muongezee dakika!"

Nikaendelea kufukua. Hatua tano, bomba zima. Kumi, zima. Kumi na tano, zima. Jasho linaniingia machoni, na Baba ameketi kitini anahesabu hatua zilizobaki. (Kwa sauti!)

Nilipofika mlangoni mwa kibanda akatokea jirani yangu Mama Furaha, Mkongo anayeuza vitenge, ameshika pasi.

"Dada, umeme itarudi saa ngapi? Kwangu haiko tangu saa tano."

Nikasimama wima. "Haiko kwako tu?"

"Mtaa yote! Hakuna mutu iko nayo. Wewe fundi hujui?"

Nikageuka polepole kuitazama taa ya sebuleni. Taa ya sola. Niliyoifunga kwa mikono yangu mwaka jana, kwa sababu umeme wetu hukatika. Na testa ya kupimia umeme, ambayo ingenipa jibu papo hapo, ilikuwa mfukoni mwangu muda wote huo.

Vijana walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Nilitamani ardhi inimeze, na ilikuwa imeshafunguliwa tayari.

Baba hakucheka. Aliingia mtaroni na viatu vyake vile vile. Akapima kina kwa fimbo. Akashika mchanga, akagonga bomba, akauvuta utepe, kutoka nyumbani mpaka kibandani. Nikajua kazi ya Koboko imeshaota mbawa.

"Hii mtaro wewe nachimba peke yako?"

"Peke yangu, Baba."

"Mara mbili?"

"Mara mbili."

Akatoka, akakung'uta viatu. "Ile fundi ya Koboko, kwa jirani yangu nachimba mpaka hapa tu." Akaonyesha kifundo cha mguu. "Kesho kutwa unakuja. Kazi iko yako. Lakini kabla ya kushika jembe, uliza majirani."

Saa kumi umeme ulirudi. Taa ya vifaranga ikawaka, na Baba akavua kofia. Mbele ya wale vijana! Nilijifanya nimeingiwa na vumbi jichoni.

Haya, anayetaka kucheka acheke, ila aje na jembe. Mtaro bado uko wazi na mgongo wangu umegoma kabisa.