Kinga ya Safari ya Dubai

Mjini hakukuwa na unga, lakini Mutheu wa Kawangware alikuwa na magunia yaliyopangwa hadi kwenye mabati, na harufu yake Gerishon aliinusa akiwa Kibera. Ilikuwa Januari, kura zimezua balaa, barabara zimezibwa kwa mawe na matairi, na jamaa hajaonja ugali tangu Mwaka Mpya. Mkewe alimwambia asirudi mikono mitupu. Basi akavaa koti jeupe aliloazima kwa muuza nyama, akashika njia kwa miguu.

Alijua Mutheu anaenda Dubai kununua nguo za kuuza, fujo zikitulia. Nani hakujua? Mama mwenyewe aliitangaza safari hiyo kuliko redio. Gerishon akajitambulisha kuwa daktari wa wasafiri, akaketi bila kukaribishwa, akaanza kumtajia maradhi: homa ya manjano ndani ya ndege, kipindupindu hotelini, joto la kukausha figo. Heri sisi tusio na nauli. Kinga ilikuwa moja tu, ya kunywa, na kwa bahati alikuwa nayo kwenye chupa: vidonge vya mafua, vile vya kulaza mtu, vimesagwa ndani ya juisi. Mama alale, yeye abebe gunia. Mpango safi kabisa.

Mutheu akamimina kikombe, akakisukuma upande wa daktari.

"Kwetu Kitui anayekukaribisha kinywaji hukionja kwanza. Onja, daktari."

Gerishon akalowesha midomo.

"Huko si kuonja. Kwani umeweka nini?"

Akanywa chote. Angefanyaje? Mutheu akamtazama akipiga miayo hadi akaanguka ubavu, akamwekea gunia tupu chini ya kichwa, kwa maana yeye si mtu mbaya.

Gerishon alipozinduka, koti halikuwa mwilini. Lilikuwa mlangoni, limevaliwa na Mutheu, na mbele yake foleni ya majirani wenye macho mekundu. Tangu matokeo yatangazwe hakuna aliyelala mtaani, kwa risasi na mayowe. Mutheu aliwauzia juisi ile kwa kifuniko cha chupa, akiwaonyesha Gerishon sakafuni ili waamini inafanya kazi.

Alipomwona ameketi, akamkaribia na kumwinamia.

"Mbona umeamka? Wateja hawajaisha. Lala, nikupe gorogoro moja ya unga, kopo lijae."

"Mbili," Gerishon akanong'ona.

"Moja. Na ukorome."

Gerishon akajilaza, akafumba macho, akakoroma.