Waya Uliolala Kwenye Friji

Jumatatu, 3 Machi

Habari kubwa! Nyimbo za bendi ya baba mkwe zimepatikana. Mzee alipuliza saksafoni miaka kumi na saba, kanda zikapotea zote, akabaki na picha moja na kifua kibovu. Sasa kuna mtu kazifufua kaziweka kwenye mtandao. Unagusa simu, zinalia.

Mzee kasema Jumapili atazisikiliza kwa mara ya kwanza tangu zipotee, tena kwenye mtambo wenye spika za maana, si kwenye kisimu. Ukoo wetu una mitambo miwili tu. Mmoja wangu. Wa pili wa mwanyumba wangu, yule aliyeoa mdogo wa mke wangu. Jamaa anauza bima, na anaongea kana kwamba ajali zote hutokea kwa idhini yake. Spika zake zinanifika kiunoni. Zangu zinanifika gotini, lakini mimi nina akili.

Ijumaa mzee atapita kwa kila mmoja wetu, asikilize wimbo wowote wa watu wengine, kisha achague nyumba. Miaka kumi na mmoja tangu nimwoe binti yake, bado ananiita Bwana Makochi, kwa kuwa natengeneza makochi na kushona mapazia. Mwanyumba kaja juzijuzi tu, anaitwa mwanangu. Inaniuma. Naandika hivyohivyo: inaniuma.

Jioni nimejaribu mtambo. Simu inatuma muziki kwenye amplifaya, amplifaya inatuma kwenye spika. Mwimbaji anasikika kama yuko ndani ya ndoo. Kazi ipo.

Jumanne, 4 Machi

Nimemgundua adui. Vitambaa! Na nani anavijua vitambaa kuliko mimi? Kitambaa kinakula vumbi, kinakula unyevu, kinakula harufu ya kitunguu wiki nzima. Kitashindwaje kula sauti?

Nimetoa makochi, zulia, mapazia, hata kitambaa cha meza. Sebule imebaki kuta, sakafu na spika mbili. Nafasi! Sauti itatembea bila kupiga hodi.

Nikawasha. Kila neno likaenda na kurudi na kugongana na mwenzake mlangoni. Mke wangu akasema nimegeuza sebule kuwa bafu, sauti inapiga ukuta mtupu na kurudi. Akaongeza kwamba debe tupu haliachi kuvuma, akinitazama mimi, si chumba. Nimemweleza kuwa sauti inazoea nafasi, tuipe siku mbili. Tumekula tumesimama.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda kumpeleleza mwanyumba. Kisingizio: kupima kochi lake. Kochi lenyewe halina tatizo. Nililitengeneza mimi, na asante sijaisikia mpaka leo.

Sebule yake imejaa! Zulia la manyoya, mapazia mazito, rafu za vitabu asivyovisoma. Nikacheka moyoni. Maskini, sauti yake yote inaliwa. Akawasha. Basi, ilikuwa nzuri. Nzuri kwa watu wasiojua.

Akaniuliza kama bado natumia nyaya zile nyembamba. Wake, akasema, umetoka mbali, na akaupakata kama mtoto mchanga. Nimerudi nyumbani na homa ya waya.

Alhamisi, 6 Machi

Fundi redio kaniuzia waya mnene kama kidole gumba. Kisha kanivuta pembeni, kanipa siri: ukiulaza kwenye friji siku nzima, shaba inatulia, muziki unapita bila kusukumana. Nikamuuliza kama yeye amejaribu. Akasema yeye hana friji. Mkweli! Nikamwamini zaidi.

Waya nimeulaza kati ya maziwa na nyanya. Mke wangu kafungua friji kadhani nyoka. Jirani kaja na fimbo. Nimemrudisha kwa heshima.

Kisha balaa. Mvua imenyesha, paa la karakana linavuja juu ya oda ya ukumbi wa mikutano: mapazia mazito jozi ishirini na mito themanini. Mke wangu, ambaye ndiye mshonaji wangu mkuu, kahamishia vyote sebuleni. Bila kuniuliza! Mapazia kayatundika ukuta mzima yasijikunje. Mito kairundika kwenye kona zote nne. Nikamwambia sauti yangu imekwisha, ameniua. Akasema anayetaka kuzika pesa za wateja kwenye maji ni mimi, si yeye.

Akachukua na simu yangu. Akataka kujua kwa nini programu ya muziki nimeiweka kwenye ubora wa chini kabisa. Nikamjibu niliiweka mwaka juzi, kwa hekima, kubana bando. Akabonyezabonyeza, akanirudishia. Sikuuliza kafanya nini. Nilikuwa nauwaza waya.

Ijumaa, 7 Machi

Waya umetoka kwenye friji saa tisa, unatoka jasho. Nikaufuta, nikaufunga. Saa kumi mzee huyu hapa. Shikamoo, marahaba, Bwana Makochi hajambo. Nikamwomba radhi kwa fujo ya mito. Akaikalia, akazama mpaka kifuani.

Nikawasha. Mola wangu! Gitaa lilikuwa pale kushoto, ungeweza kulisalimia. Mwimbaji akavuta pumzi, nikaisikia pumzi. Mke wangu akaitazama mito, akayatazama mapazia, akanitazama mimi. Nikamwonyesha waya kwa kidole. Akaziba mdomo kwa kiganja, mabega yakitikisika. Kumbe na yeye ana hisia.

Mzee akaomba avutwe kutoka kwenye mito, akasema Jumapili anakuja kwangu. Kwa mwanyumba alipita asubuhi. Spika za kule kubwa, akasema, lakini mwenyewe aliongea wimbo mzima akiusifia waya wake, na mzee hakusikia hata ubeti.

Nimeshinda! Nimeshinda, nimeshinda!

Jioni mwanyumba kanipigia simu, mpole, anauliza siri. Mimi si mchoyo. Nimemwambia atoe vitambaa vyote na aulaze waya kwenye friji. Ameandika.

Jumapili, 9 Machi

Mzee kaja na suti. Ukoo wote juu ya mito, mwanyumba kanywea kwenye kona.

Wimbo wa kwanza mzee kafumba macho. Wa pili vidole vinacheza juu ya goti. Wa tatu akainua mkono, nirudishe nyuma. Nikarudisha. Kabla saksafoni haijaingia, mtu anakohoa. Kidogo tu, mbali na kipaza sauti. Mzee akasema huyo ni mpiga ngoma wao. Siku ile alikuwa na mafua, wakamgombeza kwa kuharibu wimbo, na muda wa kurudia haukuwepo. Amekufa miaka tisa sasa. Kwenye redio za zamani kikohozi hakikuwahi kusikika hata mara moja.

Tumekisikiliza kikohozi mara sita. Mzee analia, mke wangu analia, mimi nalia, mwanyumba ananiazima kitambaa cha mkononi. Niliona raha na uchungu kwa pamoja, sijui niandikeje.

Ndipo mzee akanishika bega. Akasema mwanangu, umenirudishia rafiki yangu. Mwanangu! Mbele ya mwanyumba! Nimekwenda jikoni nikisingizia maji, nikaliegemea friji nikalishukuru.

Jumapili ijayo anakuja na wenzake wawili wa bendi, ndio waliobaki. Mmoja haoni tena. Mzee kasema mwenzake huyo hana burudani nyingine duniani ila masikio yake.

Jumatatu, 10 Machi

Mwenye ukumbi kaja na lori. Mapazia na mito vimeondoka vyote, nami nimebeba kwa mikono yangu nikiimba. Hebu fikiria: tumepata sauti ile ndani ya rundo la matambara. Chumba kikiwa kitupu itakuwaje?

Mke wangu kaniomba tubakize walau zulia. Kaomba mara mbili, mara ya pili kwa jina la enzi za uchumba. Nimekataa kwa upendo. Akasema mganga hajigangi, akakaa chini sakafuni kucheka. Angekaa wapi, viti nimeshavitoa.

Mwanyumba kapiga simu kulalamika. Katoa kila kitu, waya kaulaza, na sasa sebule yake inavuma kama kisima. Nimempa pole. Bila shaka friji lake ni dogo.

Nimemwandikia mzee awaambie wenzake wajiandae: kama jana tulisikia kikohozi, Jumapili tutasikia mpiga ngoma alikuwa amekula nini. Kajibu hapohapo: Tunakuja, mwanangu. Nikausoma ujumbe kwa sauti kubwa katikati ya sebule, na kuta zote nne zikaurudia, mmoja baada ya mwingine. Sauti imeshaanza kukaa sawa.