Kamati ya Shabaha za Kishushe

Wananchi wote wa Taita Taveta wanaarifiwa kwamba anga yao iko salama. Usalama huo umepatikana kwa juhudi za Kamati ya Pamoja ya Kutambua Shabaha Zisizotambulika, ofisi ya Voi, ambayo mimi, Chrispine Khaemba, nilikuwa katibu wake kwa siku kumi na tisa. Naeleza mambo yalivyokwenda kwa sababu maneno yamekuwa mengi pale stendi ya Voi, na mengi yanasemwa watu wakiwa wameshika mbavu.

Ilikuwa wiki ya pili ya Januari. Koplo Yvonne Nanzala alikuwa zamu katika kituo cha rada cha jeshi. Saa nne asubuhi aliona kwenye skrini alama kama arobaini juu ya kijiji cha Kishushe. Zilizunguka polepole, zikapanda juu sana, zikasambaa. Kesho yake saa nne zikarudi. Hapo Koplo alifanya kosa ambalo mtumishi wa serikali hapaswi kulifanya: aliandika kwenye daftari la zamu kile alichokuwa akifikiria. Aliandika, "Nadhani ni ndege zinazunguka."

Kama Koplo angeandika "ndege wanazunguka," nisingekuwa na hadithi. Lakini huku kwetu tunasema ndege zinazunguka, kuku zinataga na mbuzi zimeingia shambani, na hakuna aliyewahi kuumia. Nairobi walisoma sarufi. Walisoma kwamba ndege arobaini, za chuma, za marubani wasiojulikana, zinazunguka juu ya Kishushe kila asubuhi bila ruhusa. Kufikia jioni kamati ilikuwa imeundwa, mihuri imechongwa, na Mkurugenzi Donald Kimeu, bosi wangu wa miaka mingi, alikuwa njiani kuja Voi.

Mkurugenzi Kimeu ni mtu mrefu, msafi, mwenye sauti ya kusoma mahubiri. Alimwita Koplo Nanzala kwenye kikao cha kwanza.

"Koplo, ulisema ni ndege."

"Ndiyo, mkuu. Ndege wa manyoya."

"Manyoya hayakuandikwa."

"Sikujua yataulizwa, mkuu."

"Basi rekodi ni rekodi. Hatuwezi kuongeza manyoya sasa. Itaonekana tunaficha kitu."

Nanzala akapiga saluti. Ni mtu wa Kakamega, mchangamfu, na nilimwona akiuma mdomo wa chini kwa nguvu. Nilimwandikia kwenye kumbukumbu kwamba alipatwa na hisia nzito za kizalendo.

Kikao cha pili kilipitisha Waraka Namba Moja, ambao niliuandika mwenyewe na bado najivunia lugha yake. Kifungu cha kwanza: wakazi wote wa Kishushe walio chini ya shabaha watahamishiwa kwenye mahema Maungu kwa wiki tatu, kuanzia Ijumaa. Kifungu cha pili: mtu au kitu chochote kitakachoshuka kutoka angani kishikwe na wananchi, kisiachiliwe mpaka kitambuliwe rasmi. Kifungu cha tatu, ambacho Mkurugenzi alikisifu mbele ya wote, kilisema kwamba kitu kilichoshuka hakiwezi kutambuliwa na kitu kingine kilichoshuka nacho.

Jumatatu niliupeleka Waraka Kishushe. Barabara ile inajulikana. Nilifika nikiwa mwekundu kwa vumbi kuanzia kope hadi soksi, hata mbwa wa pale wakanidhania mwenyeji wao. Nilielekezwa kwa mwenyekiti wa nyumba kumi, mama mmoja anayeitwa Katunge. Nilimkuta katikati ya shamba la ndengu, amefunga leso kiunoni, anachuma maganda meusi na kuyatupa kwenye turubai.

Nilimsomea Waraka wote, nikiwa nimesimama. Alisikiliza bila kuacha kuchuma.

"Hiyo ya kushika watu nimesikia," akasema. "Iko sawa. Lakini hiyo ya kuhama, mwanangu, haiwezekani."

"Mama, ni amri ya usalama."

Alichukua ganda moja kavu, akaliweka juani kwenye kiganja changu. "Lishike tu hapo." Tukalitazama. Baada ya muda mfupi likapasuka, tik, na ndengu zikaruka chini kwenye mchanga. "Umeona? Hiyo ni dakika moja. Sasa wewe unaniambia wiki tatu. Nikirudi nitavuna nini, maganda? Hii mvua ya vuli ndiyo ya kwanza kutupatia kitu kwa miaka miwili. Mwaka jana ndovu walikula, mwaka juzi jua likakula. Mwaka huu mnataka kula nyinyi?"

Nikamkabidhi nakala yake ya Waraka, naye akaifunga kwenye leso.

Saa nne ilipofika, aliinua kidole juu bila hata kuangalia. "Ndio hao mnatafuta."

Korongo. Weupe, mabawa yamepigwa weusi pembeni, wanainuka kutoka mashambani mmoja mmoja, wanazunguka bila kupiga bawa, wanapanda kama moshi. Nilihesabu thelathini na nane.

"Wanakuja na mvua," Katunge akasema. "Asubuhi wanakula viwavi na panzi kwa ndengu yangu. Jua likishika, hewa inawabeba. Jioni wanarudi. Hawa ni wafanyakazi wangu, na hawajawahi kuniuliza chai. Wewe umekunywa?"

Alinipa chai, chapati na ndengu za mwaka huo huo, laini, zenye nazi. Nilikula kwa niaba ya kamati.

Niliporudi Voi nilimweleza Mkurugenzi kila kitu. Alinisikiliza kwa huruma, kama mtu anayemsikiliza mgonjwa.

"Khaemba, kamati yetu inaitwaje?"

"Ya Kutambua Shabaha Zisizotambulika, mkuu."

"Korongo anatambulika?"

"Anatambulika sana."

"Basi korongo hayuko katika mamlaka yetu. Sisi tunatafuta kile kingine."

"Kipi, mkuu?"

"Tungekijua, tungekuwa hapa?"

Nakiri kwamba siku ile nililiona jibu hilo kuwa na kina. Lakini nilipolala nilisikia lile ganda likipasuka sikioni. Asubuhi nikamwambia kwamba watu wa Kishushe wako katikati ya mavuno, na kwamba malori ya kuwahamisha Ijumaa yatawaachia njaa. Alikuna kidevu.

"Sawa. Mimi si mtu mbaya. Tutakwenda kujionea wenyewe, Alhamisi, huko huko juu. Nikiridhika, malori yatarudi tupu."

Njia aliyoichagua ilikuwa puto la watalii. Helikopta ina kelele, alisema, na shabaha zitashtuka. Puto linaelea kimya, litaingia kati yao kama mgeni mwenye adabu. Tulilipata katika ranchi moja kaskazini mwa Kishushe, pamoja na rubani wake, kijana wa Kisumu anayeitwa Calvince.

"Tunaruka alfajiri," Calvince akasema.

"Tunaruka saa nne. Shabaha hutokea saa nne."

"Mkuu, saa nne hewa inachemka. Puto halina usukani. Mimi huenda juu na chini tu, kwingine kote upepo ndio huamua."

"Kijana, upepo ni wa serikali kama kitu kingine chochote."

Zaidi ya hayo, Mkurugenzi aliamuru usiri kamili. Vitambulisho, simu na beji viliachwa kwenye droo ofisini Voi, ili shabaha zikitukamata zisijue sisi ni akina nani. Kituo cha rada hakikuambiwa. Nilipouliza kama hata Koplo Nanzala hatapewa habari, aliniambia kwamba siri inayojulikana na jeshi si siri tena.

Basi Alhamisi saa nne tulipanda, sisi watatu ndani ya kapu, moto wa gesi ukinguruma juu ya vichwa vyetu. Kwa dakika kumi mambo yalikuwa matamu kabisa. Mbele yetu milima ya Taita ilikuwa ya buluu, na chini mashamba yalionekana kama viraka kwenye suruali ya zamani. Kisha ile hewa ya Calvince ikatushika. Puto likapanda kama limeitwa. Calvince alizima moto, nalo likazidi kupanda. Na hapo tukajikuta katikati ya korongo.

Walikuwa kila upande, karibu kiasi kwamba niliona macho yao. Walizunguka, nasi tukazunguka nao. Ulikuwa uzuri ambao sikuwahi kuuona, na nadhani hata Mkurugenzi aliuona, kwa maana aliegemea ukingo wa kapu kama mtoto dirishani.

"Khaemba," akasema mwishowe, kwa sauti ndogo, "unaona nini?"

"Korongo, mkuu."

"Andika: vitu."

Kimoja kati ya vitu hivyo kikapita juu yake na kumwachia ushahidi kwenye bega la koti, mwingi na mweupe. "Sampuli," nikasema. Alinitazama vibaya, lakini hakuifuta.

Huko kituoni, Koplo Nanzala aliona kwenye skrini alama zake arobaini za kila siku, na katikati yake moja kubwa, ya chuma na gesi, isiyo na mpango wa safari, isiyojibu redio. Waraka uliagiza kitakachoshuka kishikwe na wananchi. Alimpigia simu mwenyekiti wa nyumba kumi, Kishushe.

Kaskazi ilitusukuma kusini. Calvince alivuta kamba ya kutoa hewa, tukashuka kwa kasi, tukagonga chini mara tatu, kapu likalala ubavu, nasi tukamwagika kama viazi. Nilipoinua kichwa, niliona maganda meusi ya ndengu. Nilipoinua zaidi, niliona majembe, fimbo na sufuria mbili, na nyuma yake wanakijiji kama ishirini, na mbele yao Katunge, simu sikioni.

"Wameshuka, afande," alikuwa akisema. "Wako watatu. Mmoja amechafuliwa na korongo."

Mkurugenzi alisimama, akanyoosha koti. "Mama, mimi ndiye mwenyekiti wa kamati ya kitaifa."

"Kitambulisho?"

"Kiko Voi."

"Waraka unasema nikushike mpaka utambuliwe."

"Waraka ni wangu!"

"Ni mzuri," Katunge akasema. "Huyu hapa namtambua. Ni Khaemba, alikula ndengu hapa Jumatatu. Khaemba, kaa kivulini. Chai iko."

"Khaemba!" Mkurugenzi akaita. "Waambie mimi ni nani!"

Nilikuwa nimefungua mdomo, naapa. Lakini Katunge alikuwa ameshatoa Waraka kwenye leso, umekunjwa vizuri, na kidole chake kilikuwa juu ya kifungu cha tatu. Tulishuka pamoja. Nikafunga mdomo.

"Jua litawapiga," Katunge akawaambia wale wawili. "Na mmelalia mistari minne ya ndengu yangu, sasa inapasuka. Chumeni hiyo mliyoangusha wakati mnangoja."

Calvince aliinama papo hapo. Mama yake ni mkulima. Mkurugenzi alisimama kama mlingoti. Kisha maganda yakaanza kupasuka miguuni pake, tik, tik, tik, na wanakijiji wote wakimtazama. Sijui nini kilimwingia. Alivua koti, akalikunja sampuli ikiwa ndani, akainama.

Saa saba Koplo Nanzala alipiga tena kujaza Fomu ya Utambuzi. Katunge aliweka simu kwenye spika, juu ya gunia.

"Mama, jina la shabaha?"

"Anasema ni Donald Kimeu. Haonekani mwongo."

"Aina ya kitu: binadamu, mnyama, chombo?"

"Binadamu."

"Kazi?"

Katunge akamgeukia. "Unaulizwa kazi."

Mkurugenzi alinyoosha mgongo. Mikono yake ilikuwa myeusi, jasho linamtiririka. "Ninaratibu uoanishaji wa mifumo shirikishi ya tathmini ya awali."

"Hiyo ni kufanya nini? Kwa mkono."

Alifikiri. Nami nilifikiri, maana kazi yangu ilikuwa kumsaidia katika hilo. Wanakijiji walisubiri kwa heshima kabisa, hakuna aliyecheka. Mkurugenzi akatazama viganja vyake.

"Afande," Katunge akasema kwa upole, "jina lake tumejua. Kazi yake ndiyo hatujaelewa, hata yeye."

"Niandike hivyo?"

"Andika hivyo hivyo."

Safari hii Nanzala aliandika kwa sarufi safi, na Nairobi walijibu kabla chai haijapoa, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu nianze kazi. Alitusomea jibu kwenye spika, akijitahidi asicheke:

"Shabaha kuu ya Kishushe imetambuliwa. Haina kazi inayojulikana na haina madhara. Iachiliwe. Shabaha ndogo ni ndege wenye manyoya, wasiguswe. Kamati imevunjwa. Malori yarudi."

Shamba zima lililipuka. Sufuria zilipigwa, Calvince akacheza, na mama mmoja alinikumbatia kabla hajajua mimi ni nani. Katunge alikaa chini juu ya turubai, akafunika uso kwa leso kidogo, kisha akasimama akiwa yule yule.

"Basi mko huru," akamwambia Mkurugenzi. "Kuna pikipiki itawapeleka barabarani."

Mkurugenzi Kimeu alitazama pikipiki. Alitazama mstari wa nne, ambao ulikuwa umebaki nusu.

"Huu je?"

"Tutamaliza wenyewe."

"Hapana," akasema, na hiyo haikuwa ile sauti ya mahubiri. "Sogeza gunia."

Nikaweka kikombe chini, nikaenda upande wa pili wa mstari. Tulikutana katikati saa tisa, migongo ikiuma, naye akalifunga gunia mdomo kwa kamba, mafundo mawili, akarudi nyuma kulitazama. Katika miaka kumi na mmoja ya kumtumikia, hiyo ndiyo kazi ya kwanza niliyomwona akiifikisha mwisho.